Pumzi za Bi Shoka

Kila jioni, kabla bucha halijafungwa, Bi Shoka aliketi juu ya kreti tupu nyuma ya kaunta, akachukua glavu mpya kutoka kwenye boksi, akaipuliza mara moja kama mtu anayepoza chai, akaikunja kidogo kwenye mdomo ili upepo usitoke, kisha akaitupa ndani ya pipa. Halafu akachukua nyingine. Glavu hizo hazikuwa zimegusa nyama. Hazikuwa zimegusa kitu chochote isipokuwa midomo yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, naye aliifanya kwa uaminifu.

Jina la Bi Shoka alipewa na wakata nyama wenzake, kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee katika bucha lile na ndiye pekee aliyeweza kukata mfupa wa paja kwa pigo moja. Nyumbani aliishi na mamamkwe wake, ambaye ulimi wake ulinolewa vizuri kuliko kisu chochote cha bucha, na binti yake wa darasa la pili. Mtoto huyu aliitwa Chiriku, kwa sababu aliweza kusimulia siku nzima ya shule, pamoja na ugomvi wote na majina ya waliopigwa, bila kuvuta pumzi. Mume alikuwa dereva wa lori. Alikuwa safarini, na hata aliporudi alikuwa safarini. Kwa hiyo mshahara wa bucha ndio uliokuwa sufuria, paa na karo.

Chanzo cha pipa kilikuwa shingo. Siku moja mteja alimwona Bi Shoka akijikuna shingo, kisha akashika maini kwa mkono uleule. Shingo ilikuwa ya Bi Shoka, lakini maini yalikuwa ya mteja, naye akaenda kulalamika. Meneja alilichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili. Alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Aliagiza maboksi ya glavu za kuvaa mara moja na kutupa, akaamuru kila mteja ahudumiwe kwa jozi mpya, na ili watu wasidhani ni maneno matupu, akanunua pipa refu la plastiki linaloonyesha ndani, akalisimamisha mlangoni. Juu yake akabandika karatasi: USAFI WETU UNAONEKANA.

Watu walilipenda pipa. Walilitazama kabla ya kutazama nyama. Likiwa limejaa, walisema hili ndilo bucha la watu wastaarabu. Likiwa nusu, walivuka barabara kwenda bucha la pili, ambalo nalo lilikuwa limenunua pipa.

Kasoro ilikuwa moja. Mikono ya mtu anayekata nyama hutoka jasho, na glavu mpya haiingii kwenye mkono wenye jasho bila kubembelezwa. Foleni ikirefuka, watu huguna. Wiki haikuisha kabla Bi Shoka hajaanza kuvaa jozi moja asubuhi na kuivua jioni. Kwa jozi hiyo alikata nyama, alipokea hela, alijibu simu, alifungua mlango wa choo na kuufunga, alijikuna shingo, kisha akakata nyama tena. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu glavu ilionekana. Mtaani matumbo yalianza kuhara kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na watu wakalaumu maji.

Lakini pipa bado lilitaka kujaa. Glavu ambayo haijavaliwa hulala bapa kama jani kavu. Ukimimina boksi zima hufuniki hata kitako cha pipa. Glavu iliyopulizwa hutuna, hunyoosha vidole, na huonekana kama imetoka kazini sasa hivi. Hili Bi Shoka aligundua mwenyewe, na kwa muda alijiona mjanja.

Mifuko nayo ilikuwa na utaratibu wake. Nyama ilitiwa katika mfuko, mfuko ukatiwa katika mfuko, na mfuko huo ukatiwa katika mfuko wenye vishikio, ili usafi ufike nyumbani ukiwa salama. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuja na kikapu chake na bakuli lenye kifuniko, aliombwa kwa heshima zote aviache nje, kwa kuwa haikujulikana vimepitia wapi. Jioni, glavu za pipani zilifungwa katika mifuko mikubwa zikapelekwa jalalani nyuma ya soko. Huko upepo uliifungua mifuko bila shida.

Glavu zilirudi Jumapili, jua likizama.

Mamamkwe ndiye aliyeziona kwanza, kwa kuwa alikuwa mlangoni akichambua mchele. Zilikuja kwa njia ya kawaida. Nyingi zilitembea kwa ncha za vidole ukingoni mwa mtaro, na nyingine zilikuja zikipepea ndani ya mifuko iliyojaa upepo, zimetulia kama abiria waliolipa nauli. Zilipofika kizingitini zilisimama, zikangoja kukaribishwa.

“Una wageni,” mamamkwe alimwambia Bi Shoka. “Wamekuja ukoo mzima, na hakuna aliyeshika hata sukari.”

Bi Shoka alitoka, akazitambua. Harufu iliyokuwa ikitoka kwenye midomo ya glavu ilikuwa yake mwenyewe, chai na kitunguu. Alitaka kufunga mlango. Mamamkwe alimkumbusha kwamba mawingu yamefunga na kwamba yeye hakulelewa katika nyumba inayoacha wageni wanyeshewe. Basi zikaingia.

Glavu ambayo haijawahi kufanya kazi ina uchu wa kazi kuliko mtu yeyote aliye kwenye ajira. Zilisugua masufuria mpaka chini, zikakunja nguo, zikafunga vifungo vya sare ya Chiriku, zikamsuka nywele. Mamamkwe alinyoosha miguu akatazama.

“Hatimaye nyumba hii imepata mikono,” alisema. “Nilishaanza kudhani mwanangu kaoa shoka tupu.”

Kilichomtisha Bi Shoka kilikuwa sauti. Ule mkwaruzo wa mpira juu ya sahani, juu ya kioo cha dirisha, juu ya ukuta, bila mguno wala kikohozi cha mtu. Kilichomtisha zaidi ni kwamba zilichoka. Kazi ilipokwisha zilianza kulegea, kidole kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Na kila iliyolegea iligeuka, pole pole, ikaelekea alikokuwa.

Jumapili iliyofuata alisinzia kwenye kiti baada ya chakula cha mchana. Aliota anapanda kilima na gunia la mifupa mgongoni. Alipoamka, glavu moja ilikuwa imeweka mdomo wake juu ya mdomo wa Bi Shoka. Haikumkaba. Ilikuwa na adabu. Ilivuta tu, taratibu, kama mtoto anavyonyonya. Nyuma yake nyingine zilikuwa zimepanga foleni, kuanzia kifuani, mapajani, mpaka sakafuni na nje ya mlango. Hakuna iliyosukuma mwenzake. Bucha halijawahi kuona foleni nzuri kama ile.

Kuanzia hapo alipungua pumzi. Mfupa wa paja uliokatika kwa pigo moja ukaanza kutaka mawili, kisha matatu, na wakata nyama wenzake, kwa upendo, wakaanza kumwita Bi Kisu. Alikwenda zahanati. Daktari alivaa glavu mpya, akamgonga mgongo, akasikiliza mbele na nyuma.

“Mapafu ni mazima,” alisema. “Pumzi tu ndiyo haimo. Umeiacha wapi?”

“Kazini, daktari.”

“Wengi huiacha huko.”

Alimwandikia vitamini, akazivua glavu, akazitupa kwenye ndoo, akavaa nyingine ili amwite mgonjwa wa pili.

Nyumbani Bi Shoka alisokota matambara akaziba chini ya mlango. Alilala amejifunga kitambaa mdomoni, na Chiriku naye akamfunga. Mtoto aliendelea kusimulia ndani ya kitambaa mpaka usingizi ukamchukua katikati ya neno. Lakini jua lilipoelekea kuzama, vidole viligonga kioo, vikanong'ona kwenye bati, vikapapasa kitasa. Kila jioni pipa lilidai glavu zake, na kila glavu iliyopulizwa ilijua njia ya nyumbani.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imenyamaza. Ukimya katika nyumba ya Chiriku ulikuwa kama moshi. Ulimfanya aharakishe kabla ya kujua kwa nini. Mamamkwe alikuwa amekwenda kuteka maji. Chiriku alikuwa amelala juu ya daftari la hesabu, kitambaa kimeshuka shingoni, na kando ya shavu lake glavu moja ilikuwa imetuna kuliko zote, imeng'aa, mdomo wake umebandikwa kwenye mdomo wa mtoto.

Bi Shoka aliikamata akaipasua kwa meno. Pumzi ikatoka. Ilikuwa na harufu ya penseli na peremende, na ndani yake mlikuwa na nusu ya hadithi, juu ya wasichana wawili waliogombania kifutio kimoja, na mmoja alikuwa ndio kwanza anainua mkono ampige mwenzake. Ilizunguka chumba, ikapita juu ya kabati, ikatoka dirishani. Mwisho wake hakuusikia.

“Chiriku. Kile kifutio kikawaje?”

Mtoto alifungua macho. “Kifutio gani?”

“Sema chochote, mama. Niambie hata uongo.”

“Nimechoka,” alisema Chiriku, akafumba macho tena.

Mamamkwe alirudi na ndoo, akaitazama ile glavu iliyopasuka na mjukuu wake aliyenyamaza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kijembe.

“Mkwe wangu,” alisema, “hii si mikono tena. Hii ni midomo.”

Kesho yake Bi Shoka hakufungua boksi. Alisugua ubao kwa maji ya moto, akachemsha visu, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko mbele ya kila mteja, akaifuta kwa taulo safi, akakata nyama. Hela alizipokea kwa mkono wa kushoto, akanawa tena. Pipa lilisimama mlangoni likiwa tupu, na mwanga wa asubuhi ulilipita kana kwamba halipo.

Mwalimu mstaafu alipata nyama yake ndani ya bakuli, akafunika, akashukuru, akaenda zake. Alikuwa mteja pekee. Wengine walifika mlangoni, wakatazama pipa, wakatazama mikono yake iliyolowa, wakasita. Mama mmoja aliyevaa vizuri ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusema.

“Samahani, dada. Unashika nyama ya watu kwa mikono?”

“Nimeinawa kwa sabuni, dada yangu. Umeniona.”

“Nimekuona. Ndiyo maana nauliza.”

Akavuka barabara. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wateja wale walionyesha kwamba hata maini yaliyoguswa nao hayanunuliwi.

Meneja alikuja kabla ya saa sita. Bi Shoka alimweleza yote, hakuficha kitu: jozi moja ya kutwa nzima, mlango wa choo, glavu za kupuliza, foleni ya Jumapili, mtoto. Alieleza kwa vipande, akipumzika kati ya kipande na kipande. Meneja alisikiliza, akihamisha kalamu kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule.

“Zinarudi zote?” aliuliza.

“Zote.”

“Zikiwa nzima? Hazijatoboka?”

“Meneja, zinamvuta mwanangu pumzi.”

“Nimekusikia, na nimesikitika kama mzazi. Kosa ni letu. Tumekuachia upulize peke yako.” Alilitazama pipa tupu kwa uchungu wa kweli. “Tutagawana.”

Kuhusu jozi moja ya kutwa nzima hakusema neno. Lile halikuwa tatizo.

Bi Shoka alivua aproni, akaiweka juu ya mizani, akasema basi yeye anaacha kazi. Meneja hakukasirika. Aliikunja aproni vizuri.

“Ukiondoka hapa,” alimuuliza kwa upole, “zitakufuata wewe au zitanifuata mimi?”

Bi Shoka alifikiri. Akavaa aproni.

Jumatatu palikuwa na kiti mlangoni, na kando ya kiti boksi la glavu, na karatasi mpya: PULIZA MOJA KWA AJILI YA USAFI. Watu walipuliza kwa moyo. Wengine walipuliza mbili, wakawaambia majirani. Wazee walipewa nafasi ya mbele. Wanaume walishindana nani ataifanya kubwa zaidi, na wapenzi walipuliza moja kwa zamu. Pipa lilijaa kabla ya saa nne, likaletwa la pili. Bucha la ng'ambo ya barabara liliweka kiti chenye mto. Kisha saluni ikaweka, na benki, na ofisi ambazo hazikuuza kitu chochote cha kuguswa. Afisa wa afya alikuja akapiga picha katikati ya mapipa, akitabasamu, akatoa cheti. Mwalimu mstaafu alikataa kupuliza. Akanyimwa nyama, akaanza kula mboga, na mtaa ukasema uzee una mambo yake.

Jioni ya Jumatatu ile glavu ziligawana njia zenyewe, kila moja ikaenda kwenye nyumba ambayo pumzi yake ilitoka. Zilizofika kwa Bi Shoka zilikuwa chache. Alilala usingizi mzima, akaamka na pumzi ya kupandia ngazi, na akajisikia nafuu. Nafuu hiyo ilimtisha kuliko glavu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sasa alikuwa amewagawia wenzake makanda, nyumba kwa nyumba, wakipokea huku wakishukuru.

Aliporudi kutoka kazini jua likishuka, alipita mtaani akiwa ameinamisha kichwa. Pande zote mbili vidole vyeupe vilikuwa vikigonga madirisha, bila haraka, na watu walikuwa wakiyafungua. Walizoea upesi. Waliacha dirisha wazi kidogo kama mtu anavyomwachia paka. Nyimbo zilipoteza ubeti wa pili, na hotuba zikawa fupi, jambo ambalo wengi walilisifu. Wenye kugombana waligombana wakiwa wameketi. Matumbo yaliendelea kuhara kama kawaida, ila sasa watu hawakuwa na pumzi ya kukimbilia chooni, na baadhi yao walichelewa. Wakalaumu maji. Mamamkwe mwenyewe alipunguza vijembe mpaka likabaki neno moja. “Shoka,” angesema, kisha akanyamaza, na kila mtu alijua yaliyobaki.

Chiriku peke yake alianza kurudi. Kwanza alisimulia jambo dogo, kisha ugomvi mzima, mpaka ikafika jioni aliposimulia kuanzia kengele ya asubuhi hadi mapumziko bila kusimama. Bi Shoka alimsikiliza huku akiosha vyombo mwenyewe, mgongo umegeuka, asimwone akilia. Alikuwa amebana madirisha kwa misumari. Mtoto hakuwa amepuliza hata moja, na mama yake alikuwa ameapa hatapuliza.

Ndipo shule nayo ilipoleta pipa. Kila mwanafunzi alitakiwa kufika asubuhi na glavu moja iliyopulizwa. Bi Shoka alikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mpole aliyepumzika baada ya kila neno, akamsihi. Mwalimu mkuu alimwelewa sana. Alimweleza, kwa muda mrefu, kwamba shule haimlazimishi mtoto yeyote, ila asiye na glavu atakaa nje ya darasa, kwa kuwa haijulikani amepitia wapi.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alisimama mlangoni na sare yake, begi mgongoni, glavu mkononi ikining'inia.

“Wenzangu wote wanapuliza wenyewe, mama.”

“Nipe.”

“Mimi mkubwa.”

“Nipe, Chiriku.”

Bi Shoka aliiweka mdomoni. Alipuliza nusu, akashika ukuta, akamalizia. Glavu ilituna, ikanyoosha vidole, ikatazama huku na huku kwa namna ambayo kitu kisicho na macho hutazama, kisha ikamshika mtoto mkono. Wakaondoka pamoja. Chiriku alianza palepale kuisimulia habari za msichana mmoja aliyemeza kofia ya kalamu, na sauti yake ilirudi ikiruka juu ya mtaro, neno juu ya neno, haina kituo.

Walipokaribia kona, glavu iliuachia mkono. Ilipanda kwenye kiwiko, ikafika begani, ikatulia hapo, ikasogea kidogo karibu na mdomo wa mtoto, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

Bi Shoka alitaka kumwita. Hakuwa na pumzi ya kumwitia. Aliketi kizingitini akaingoja, mikono juu ya magoti, macho kwenye kona. Ilipofika, mtaa ulikuwa mtupu, basi akaitumia kusimama, akaenda kazini.